Proforma tatu mezani: mashine ipi ya kemia itaigharimu maabara kidogo?

SWALI: Ninasimamia maabara ya hospitali ya vitanda 140 mkoani Njombe. Kemia bado tunapima kwa mashine ya nusu-otomatiki, sampuli moja moja, na tumezidiwa. Mganga mfawidhi ameniletea proforma (ankara za bei) tatu nichague. Ya kwanza ni mashine mpya ya mezani, vipimo 200 kwa saa, mfumo funge (haupokei vitendanishi vya mwingine), shilingi milioni 65, vitendanishi (kemikali za kupimia) wastani wa shilingi 1,100 kwa kipimo. Ya pili ni kubwa, vipimo 400 kwa saa, imetumika Ulaya ikakarabatiwa, mfumo wazi (unapokea vitendanishi vya yeyote), milioni 48, vitendanishi shilingi 600. Ya tatu tunawekewa bure kwa miaka mitano, ila tunanunua vitendanishi kwao kwa shilingi 2,000 kwa kipimo na tusishuke chini ya vipimo 5,000 kwa mwezi. Kwa siku tunatoa majibu kama 180 ya kemia. Mhasibu anataka ya tatu kwa kuwa haihitaji mtaji. Mimi naipenda ya pili kwa kasi yake. Nani yuko sahihi?

JIBU: Kwa hesabu ulizonipa, nyote wawili mmekosea, ila mhasibu amekosea kwa pesa nyingi zaidi. Nitakuonyesha hesabu hatua kwa hatua ili mkikaa kikaoni usiende na maneno matupu.

Tuanze na kasi, maana ndiyo iliyokuvutia. Namba ya kwenye kipeperushi ni kasi ya mashine ikiwa imejaa sampuli na haisubiri chochote, na mara nyingi imejumlishwa na elektrolaiti. Mindray BS-240 hutajwa kuwa na vipimo 200 kwa saa kwa njia ya mwanga (inayosoma rangi ya mmenyuko). Ikifungwa moduli ya elektrolaiti inatangazwa kufika 400. Roche cobas c 311 ni 300 kwa mwanga na 450 kwa jumla. Beckman Coulter AU480 ni 400 kwa mwanga, 800 kwa jumla. Sampuli ikipita mara moja kwenye moduli ya elektrolaiti hutoa sodiamu, potasiamu na kloraidi kwa mkupuo, na kila moja inahesabiwa kipimo kinachojitegemea. Kwa hiyo kabla ya yote muulize muuzaji wako wa pili: hiyo 400 ni ya mwanga peke yake? Isije ikawa unalinganisha 200 na 200.

Tuseme ni ya mwanga kweli. Katika majibu yako 180, tuchukue kwamba theluthi mbili zinakuja kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, wodi na wagonjwa wa nje wakigongana. Hivyo ni vipimo 120. Mashine ya 200 inavimaliza kwa dakika 36, na ya 400 kwa dakika 18; zote mbili ongeza kama dakika 10 za mmenyuko wa kipimo cha mwisho. Umeokoa dakika 18. Wakati huohuo damu inahitaji kama nusu saa kuganda, dakika 10 kwenye sentrifuji, na kabla ya hapo ilikaa kwenye kisahani wodini ikimsubiri mtu wa kuileta. Ukikubaliana na muuguzi kiongozi damu za wodini zifike saa moja badala ya saa tatu, utaokoa muda mwingi kuliko mashine yoyote inavyoweza kukupa, tena bila senti. Jambo la kasi ninaloliona la maana kwako ni moja: je, mashine inakubali kupenyeza sampuli ya dharura katikati ya foleni, na jibu lake linatoka baada ya dakika ngapi? Waambie wakuonyeshe ikiwa inafanya kazi, usisomewe kwenye karatasi.

Sasa pesa. Proforma inakupa bei ya kitendanishi kwa kipimo. Hospitali inalipwa kwa jibu lililotoka. Kati ya hayo mawili kuna vipimo vingi ambavyo hakuna mgonjwa anayevilipia: udhibiti wa ubora wa kila asubuhi, kalibresheni (kuisawazisha mashine), marudio, kuzimua sampuli zilizovuka kiwango, na ule ujazo wa chini ya chupa ambao sindano haiufikii.

Chukua maabara yako. Majibu 180 kwa siku, siku 306 za kazi, ni kama 55,000 kwa mwaka. Ukiwa na vipimo 20 kwenye orodha na ukaendesha kontroli (sampuli za kiwango kinachojulikana) mbili kila siku, ya kawaida na ya juu, hizo ni 12,240 kwa mwaka. Kalibresheni nimezikadiria 3,000, marudio na kuzimua 1,760. Jumla unatumia vipimo 72,000 ili utoe majibu 55,000. Karibu kipimo kimoja katika kila vinne unavyonunua hakimfikii mgonjwa. Bei ya 1,100 ni 1,440 tayari, na hujanunua hata kidumu cha sabuni.

Wastani huo nao unaficha mambo. Sukari na kreatinini (kipimo cha figo) zinapimwa kwa makumi kwa siku, kwa hiyo kontroli mbili hazionekani. Tazama amilesi, kipimo cha kongosho. Tuseme mnapata maombi mawili kwa wiki. Ukiiendesha kontroli siku sita, unatumia vipimo 12 vya kontroli kwa majibu mawili. Kitendanishi cha 2,500 kinakuwa jibu la 17,500. Hapo bado hatujagusa muda wa kukaa: chupa ikishafunguliwa ndani ya mashine hudumu wiki kadhaa tu, na kwa maombi mawili kwa wiki utamwaga zaidi ya nusu yake. Vipimo vya namna hii ama vipimeni siku moja maalumu kwa wiki, kontroli iende siku hiyo tu, ama vipelekwe hospitali ya rufaa. Muuzaji atakusifia nafasi 40 za vitendanishi kwenye jokofu la mashine. Kwako nafasi za ziada ni nafasi za kuozesha vitu.

Pia uliza ukubwa wa pakiti. Pakiti ya vipimo 800 ya bei rahisi inamfaa mwenye wagonjwa 800 kabla ya tarehe ya mwisho. Maabara ndogo mara nyingi hufaidi pakiti ndogo yenye bei kubwa kwa kipimo.

Haya, tuziweke zote tatu kwenye miaka mitano, majibu 275,000. Gharama za matengenezo, umeme na maji ni makadirio yangu. Weka zako ukizipata.

Ya kwanza: mashine milioni 65. Vitendanishi 72,000 kwa 1,100 ni milioni 79.2 kwa mwaka, 396 kwa mitano. Mkataba wa matengenezo baada ya mwaka wa dhamana, milioni 6.5 kwa miaka minne, ni 26. UPS (betri ya akiba), stabilaiza na mtambo mdogo wa maji milioni 12 mwanzoni, kisha umeme na vichujio milioni 4 kwa mwaka: 32. Jumla milioni 519, yaani shilingi 1,887 kwa jibu.

Ya pili: mashine 48. Vitendanishi 216. Mkataba wa matengenezo milioni 8 kwa mwaka tangu siku ya kwanza, kwa sababu mashine iliyokarabatiwa haina dhamana ya maana: 40. Vipuri 25. Maji na umeme, kwa kuwa ni kubwa na inakunywa maji zaidi, 50. Jumla 379, yaani 1,378 kwa jibu.

Ya tatu inategemea sentensi moja kwenye mkataba ambayo hukuninukulia. Shilingi 2,000 ni kwa kila kipimo kilichotumika, au kwa kila jibu lililotolewa? Kama ni kilichotumika, vitendanishi ni milioni 144 kwa mwaka, 720 kwa mitano. Ongeza 32 za umeme na maji upate 752, yaani 2,735 kwa jibu. Kama ni jibu lililotolewa, kuna kiwango cha chini: 5,000 kwa mwezi ni 60,000 kwa mwaka na wewe unatoa 55,000. Utalipia majibu 5,000 ambayo hayapo. Inakuwa 600 na 32, jumla 632, yaani 2,298. Kwa vyovyote vile mashine ya bure imekugharimu zaidi ya milioni 100 kuliko ile ya kununua. Mhasibu yuko sahihi kwamba haihitaji mtaji. Aseme pia mtaji huo anaukopa kwa riba ya kiasi gani, kwa sababu hicho ndicho kilichofichwa ndani ya ile 2,000.

Sipingi kuwekewa mashine. Kwa hospitali isiyo na fedha za kununua, na yenye muuzaji anayebeba matengenezo na vipuri vyote, ni njia halali, na nimeona ikifanya kazi vizuri mahali ambapo majibu ni mengi na mkataba umesomwa na mtu wa maabara kabla ya mtu wa sheria. Shida yake kubwa ni nyingine: bima ikichelewa kuwalipa, nanyi mkachelewa kumlipa msambazaji, vitendanishi vinasimama. Mashine imefungwa isikubali chupa za mwingine, basi wodi inakaa bila kreatinini huku mashine nzima imewaka taa ya kijani.

Kwa hesabu hiyo utaniambia kwamba ya pili imeshinda kwa milioni 140, na wewe ulikuwa sahihi. Ngoja kwanza.

Mashine ikilala, majibu 180 ya siku hiyo hayafutiki. Damu inapanda basi kwenda maabara nyingine. Tukisema 8,000 kwa jibu pamoja na nauli na barafu, siku moja ni 1,440,000. Toa vitendanishi 108,000 ambavyo hukuvitumia, unabaki na hasara ya 1,332,000 kwa siku. Gawanya milioni 140 kwa hiyo: siku 105 kwa miaka mitano, yaani 21 kwa mwaka. Mashine ya pili ikilala siku 21 kwa mwaka zaidi ya ile ya kwanza, faida yake yote imekwisha. Kutoka Dar es Salaam hadi Njombe ni kama kilomita 700. Bodi ya umeme ya mashine ambayo mtengenezaji ameacha kuiunda huagizwa nje, na siku 21 kwa kipuri kimoja tu ni jambo la kawaida kabisa. Hapo sijahesabu mgonjwa wa potasiamu 6.8 (kiwango cha hatari) ambaye jibu lake lilifika kesho yake.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji wa pili linahusu tarehe kuliko bei: mtengenezaji aliacha lini kuunda modeli hii, na ametangaza kuacha kutoa vipuri lini? Akijikanyaga, umepata jibu. Na muulize kama imesajiliwa na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) kwa modeli hiyohiyo. Kifaa kisicho na usajili kitakuletea maneno siku ya ukaguzi, achilia mbali bandarini.

Mfumo wazi una utamu wake, sikatai. Unanunua kwa anayeuza rahisi, na msambazaji mmoja akikukwamisha unahamia kwa mwingine. Lakini kila unapobadili chapa ya kitendanishi wewe ndiye unayeingiza vigezo, unayelinganisha upya na unayebeba lawama jibu likipinda. Anayeuza kitendanishi atasema kosa ni la mashine, fundi wa mashine atasema kosa ni la kitendanishi. Ukiwa na mtaalamu mmoja mzoefu na wengine wawili waliotoka chuoni juzi, kama zilivyo maabara nyingi za wilayani, mfumo funge unakununulia utulivu. Utulivu huo nauthamini zaidi ya tofauti ya shilingi 500 kwa kipimo.

Nimechelewa makusudi kufika kwenye ubora wa majibu, kwa sababu watu huutenga na pesa wakati ni kitu kimoja.

Ubora wa mashine unapimwa kwa mambo mawili. La kwanza ni mtawanyiko: ukipima sampuli ileile mara nyingi, majibu yanatofautiana kwa asilimia ngapi, ile tunayoiita CV. La pili ni mwegemeo: majibu yote yamelalia juu au chini ya thamani ya kweli kwa kiasi gani. Ukichukua kosa linaloruhusiwa kwa kipimo hicho, ukatoa mwegemeo, ukagawanya kwa CV, unapata sigma; ikiwa kubwa ndiyo bora. Kwa sukari, kanuni za CLIA za Marekani, zinazosimamia ubora wa maabara, zilikuwa zinaruhusu kosa la asilimia 10. Tangu 2025 ni asilimia 8. Mashine yenye CV ya 2 na mwegemeo wa 2 ilikuwa na sigma 4 kwa kanuni ya zamani. Kwa mpya ina 3. Mashine yenye CV ya 1.2 na mwegemeo wa 0.8 ina sigma 6.

Tofauti ya 3 na 6 inaonekana kwenye pochi. Kipimo cha sigma 6 unakilinda kwa kontroli mbili na kanuni moja rahisi: ikivuka SD 3 (mikengeuko sanifu mitatu kutoka wastani), simama. Kipimo cha sigma 3 kinadai kanuni nyingi za Westgard (za kuamua kama kontroli imekubalika) kwa pamoja na kontroli nne hadi nane, na bado makosa mengine yatapenya. Kontroli nane badala ya mbili zinakuongezea mara tatu ya ile 12,240 tuliyoihesabu. Mashine ya bei nafuu yenye mtawanyiko mkubwa inalipiza kisasi kwenye vitendanishi na kwenye asubuhi zako, ukirudia kontroli hadi saa nne.

Usitegemee CV ya kipeperushi. Kabla ya kusaini, au angalau kabla ya kulipa sehemu ya mwisho, fanya uhakiki mwenyewe. Mwongozo wa CLSI (taasisi ya viwango vya maabara) uitwao EP15 unataka sampuli zinazojulikana zipimwe mara tano kwa siku kwa siku tano. Hiyo inakupa mtawanyiko na mwegemeo bila kuumiza bajeti. Kwa kulinganisha na maabara ya rufaa, chukua sampuli 40 za wagonjwa, nusu zake ziwe za juu na za chini sana. Sampuli 40 za watu wazima wenye afya hazitakuambia kitu. ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba, inadai uhakiki huu kabla mashine haijaanza kutoa majibu, na mkifuata nyota za SLIPTA (mpango wa kupima ubora wa maabara za Afrika) mkaguzi ataomba karatasi zake. Vitendanishi vya zoezi hili vitoke kwa muuzaji, na iandikwe kwenye mkataba.

Muuzaji atakuletea grafu yenye r (kipimo cha uwiano) ya 0.99 na kukuambia mashine zinafanana. Mashine inayosoma kila kreatinini zaidi kwa asilimia 20 bado itakupa r ya 0.99, kwa sababu r inaangalia kama mistari inakwenda pamoja, haijali kama imepishana. Chora tofauti ya kila jozi dhidi ya wastani wake, kama Bland na Altman walivyoelekeza mwaka 1986. Macho yatakuambia mara moja.

Kreatinini iangalie kwa namna ya pekee. Njia ya Jaffe ni ya mwaka 1886 na bado ndiyo rahisi kuliko zote, ndiyo maana wastani wa bei kwenye proforma unapendeza. Lakini rangi yake inachanganywa na ketoni, na baadhi ya dawa za jamii ya sefalosporini, na bilirubini ikiwa juu inaishusha. Mgonjwa wa kisukari aliyeingia na ketoni tele anaweza kuonekana figo zake zimeharibika kuliko zilivyo. Njia ya kimeng'enya ni ghali zaidi na ina usumbufu mdogo. Kama mna kliniki ya kisukari na watoto wachanga wenye manjano, ningelipia kimeng'enya. Kama bajeti inakataa, hakikisha angalau Jaffe yenu imefungamanishwa na rejea ya IDMS (njia ya marejeo inayokubalika kimataifa), na daktari ajue mipaka yake. Kwenye proforma ya kwanza na ya tatu uliza ni njia ipi wametumia kupata wastani; ukikuta mmoja ameweka Jaffe na mwingine kimeng'enya, ulikuwa unalinganisha vitu viwili tofauti.

Elektrolaiti pia zina hesabu yake. Elektrodi zinachakaa kwa muda zaidi kuliko kwa idadi ya sampuli. Ziwe zimepima wagonjwa watano au hamsini, zinataka umeme saa 24, zinataka kusukumiwa maji yake hata Jumapili, na baada ya miezi kadhaa zinabadilishwa. Kwa hiyo kwa mtu mwenye maombi machache, bei kwa kipimo haina maana. Gawanya gharama ya mwaka kwa maombi yako halisi. Ukipata chini ya sampuli kumi kwa siku, mashine ndogo ya elektrolaiti inayojitegemea inaweza kukufaa kuliko moduli. Ina jambo jingine jema: ikisimama ile kubwa, potasiamu haisimami nayo. Na hiyo ndogo kwa kawaida hupima damu bila kuizimua, kwa hiyo mafuta mengi kwenye damu hayaishushi sodiamu kwa uongo, kama inavyotokea kwenye moduli nyingi za mashine kubwa.

Kuhusu mashine kuchanganya damu ya mgonjwa mmoja na ya mwingine, jaribio ni dogo: pima sampuli ya juu sana mara tatu, kisha ya chini sana mara tatu. Jibu la kwanza la chini likiwa juu ya la tatu, sindano haioshwi vizuri. Tatizo hili lina umri sawa na mashine zenyewe. Leonard Skeggs, aliyebuni ile AutoAnalyzer iliyouzwa na Technicon kuanzia 1957, alitenganisha sampuli ndani ya mirija kwa viputo vya hewa. Sindano za leo zinaoshwa kwa maji na sabuni, na ndiyo maana maji mabaya yanaharibu kila kitu.

Maji. Hapa ndipo proforma nyingi zinanyamaza kabisa. Mashine ya kemia inataka maji yaliyoondolewa chumvi, na ya kutosha. Maji magumu ya kisima yanapandisha kalisiamu na kuacha ukoko kwenye kyuveti (vikombe vidogo ambamo kipimo hufanyika). Nani analeta mtambo wa kuchuja, vichujio vinabadilishwa kila baada ya muda gani, kwa bei gani? Uliza pia mashine inakunywa lita ngapi kwa saa, na maji machafu yanakwenda wapi.

Na baridi ya kwenu. Mashine nyingi zinataka chumba cha kati ya nyuzi 15 na 30. Watu wa pwani wanahangaika na kiyoyozi. Njombe mwezi wa saba alfajiri chumba kinaweza kuwa chini ya hapo, na mashine ikakataa kuanza au ikachukua saa nzima kupasha kyuveti hadi nyuzi 37. Hita ya ukutani ni gharama ndogo, lakini iwemo kwenye hesabu, na isitumie soketi moja na UPS.

Umeme naupitia haraka kwa kuwa unaujua: UPS inayobeba mashine kwa dakika 30 na jenereta inayopokea ndani ya muda huo. Umeme ukikatika katikati ya foleni unapoteza vitendanishi vya foleni nzima. UPS isiwe ya kompyuta.

Ningekuwa mimi ningechukua ya kwanza, ila si kwa masharti yaliyo kwenye karatasi yako. Usipoteze nguvu kumshusha muuzaji kwenye ile milioni 65. Akikupunguzia milioni 5 atakupigia makofi, halafu atazirudisha kwenye chupa. Mshushe kwenye kitendanishi. Shilingi 100 kwa kipimo, kwa vipimo 72,000, ni milioni 7.2 kwa mwaka na 36 kwa miaka mitano, zaidi ya nusu ya bei ya mashine. Bei iandikwe kwa kila kipimo peke yake, bila wastani, na kwa shilingi, pamoja na kifungu kinachosema itapanda lini na kwa sababu gani. Vitendanishi vinanunuliwa kwa dola, na asiyeandika hilo mwanzoni ataandikiwa baadaye.

Andikeni pia muda wa fundi kufika: saa 48 tangu mpige simu, si siku za kazi. Akichelewa, gharama ya kupeleka sampuli nje iwe juu yake. Wengi watakataa kifungu hiki. Atakayekikubali ana fundi Mbeya au Iringa, na hicho ndicho ulichotaka kujua. Vitendanishi vipokelewe vikiwa na angalau nusu ya umri wake. Watumishi wawili wafundishwe, na mmoja wao afundishwe kubadilisha taa, sindano na kyuveti, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoharibika mara kwa mara na hayahitaji mtu asafiri kilomita 700.

Kabla ya hayo yote, angalia hospitali jirani na ya rufaa ya mkoa wanatumia nini. Azimio la Maputo la 2008 lilihimiza nchi za Afrika ziwianishe vifaa vya maabara, na maana yake kwako ni ya karibu sana: chapa ileile kwa jirani ina maana chupa ya kuazima Ijumaa jioni na fundi ambaye tayari yuko njiani. Mashine bora ambayo iko peke yake mkoa mzima ningeiogopa.

Mwombe kila muuzaji akupe simu za maabara mbili zilizo nje ya Dar es Salaam zenye modeli hiyohiyo kwa zaidi ya miaka mitatu. Ukipiga, usiombe kuongea na mkuu wa maabara, huenda ndiye aliyesaini. Mwombe yule anayeiwasha asubuhi, umuulize mara ya mwisho ililala lini, kwa siku ngapi, na kitu gani kilisubiriwa.